Kabla hujapaka rangi mara ya tatu

Masika yakiisha, simu zinazoingia ofisini kwetu hapa Tanga hufanana. "Fundi, ndani ya mwaka nimepaka rangi mara mbili, na chini inabanduka tena." Tukifika tunakuta rangi imetoa malengelenge kutoka sakafuni hadi usawa wa goti, pengine kiuno, na plasta inapukutika unga mweupe ukiigusa. Paa halivuji. Bomba ni zima.

Maji hayo yametoka ardhini, yakapanda yenyewe. Njia ya kupandia ilitengenezwa siku ile zege na udongo wa saruji vilipochanganywa.

Saruji haikauki kama nguo kambani. Huyashika maji ikageuka nayo kuwa jiwe. Mfuko wa kilo 50 hutumia lita 11 hadi 12 kwa kazi hiyo, na lita nyingine 9 au 10 hubaki zimenaswa kwenye vitundu vidogo mno ndani ya jiwe lenyewe. Jumla ni kama lita 21, yaani ndoo moja ya lita 20 na kikombe kikubwa juu yake. Yanayozidi hapo hayana kazi. Huondoka taratibu, na mahali yalipokuwa hubaki mirija myembamba kuliko unywele, imeungana huku na huku.

Chovya pindo la kanga kwenye beseni uone maji yanavyopanda kitambaani. Ukutani ni vivyo hivyo, na mrija ukiwa mwembamba zaidi maji hupanda juu zaidi. Kinachoyazuia yasifike darini ni kwamba njiani yanakauka usoni mwa ukuta. Yakikauka huacha chumvi, na fuwele zake zikikua ndani ya vitundu husukuma plasta na rangi nje. Aliyejenga kwa mchanga wa baharini ameiweka chumvi hiyo ndani tangu mwanzo.

Habari njema ni kwamba saruji ikitunzwa na unyevu huendelea kukomaa na kuiziba mirija yake. Mwaka 1959 Powers na wenzake, watafiti wa Marekani, walionyesha muda unaohitajika. Ukiuhesabu kwa mfuko wetu wa kilo 50: ukitia lita 20 za maji, ni siku 3; lita 25, siku 14; lita 30, miezi 6; lita 35, mwaka mzima. Maji yakizidi lita 35, mirija haizibiki kamwe. Lita 35 ni ndoo moja na robo tatu tu, na tunaona zikimwagwa kila siku ili chepe lipite kwa wepesi. Nani atamwagilia ukuta mwaka mzima?

Kwa nyumba iliyokwisha kujengwa, tunaanza kwa kubandika kipande cha nailoni ukutani, kingo zote zikiwa zimezibwa kwa gundi ya utepe. Kesho yake matone yakiwa upande wa nailoni unaogusa ukuta, maji yanatoka ukutani. Yakiwa upande unaotazama chumba, ni unyevunyevu wa chumba, na dawa yake ni hewa kupita. Ukithibitika ni ukuta, tunabandua plasta hadi juu ya alama ya unyevu, tunaukata ukuta kipande kwa kipande na kuingiza karatasi ya kuzuia unyevu pale isipokuwepo au ilipochanika, kisha tunauacha ukuta ukauke kwa wiki kadhaa. Hapa wateja wengi hukosa subira, nasi hatukubali kuharakisha.

Hatupaki rangi ya mafuta juu ya ukuta uliolowa, hata mteja akisisitiza. Inafunga mlango wa kutokea, maji yanapanda hadi pale yatakapopata upenyo. Tunatumia rangi inayoruhusu ukuta kupumua.

Ukipiga simu, tuambie kwanza kama nje kuna bustani, kifusi au pevingi iliyopandishwa ikagusa ukuta juu ya usawa wa msingi. Ipo mara nyingi, na kazi ya siku hiyo huwa ya chepe tu.