Barua kwa mwanangu anayevua gwanda

Mwanangu,

Umeniambia kwamba ukishavua gwanda unataka kufungua karakana ya milango na madirisha ya chuma hapa Kariobangi. Sikukatazi. Kuchomelea unakujua. Jeshi halikukufundisha bei. Kambini ukitaka rodi za kuchomelea unatia saini stoo, unapewa. Huku kila rodi inayoungua bure imetoka kwenye kiinua mgongo chako, na kiinua mgongo hakiji mara mbili.

Basi anza na hizo pesa. Kabla ya kununua hata nati, tenga matumizi ya nyumba ya miezi sita, uyaweke mahali ambapo karakana haiwezi kuyafikia. Pensheni iache iwe ya kodi ya nyumba na karo. Mashine ya kuchomelea chukua inveta ya ampia 200, inayotumia stima ya kawaida. Ile mitambo mizito ya stima ya fezi tatu itakufunga na bili kabla hujapata wateja. Nyaya za kurefusha stima zisiwe nyembamba. Waya mwembamba wa mita 30 unakula umeme njiani, cheche inakatikakatika, nawe unabaki kulaumu mashine.

Sasa vyuma. Tyubu, yaani vyuma vyenye uwazi ndani, zinauzwa kwa geji, kipimo cha unene, na nambari ya geji ikipanda chuma kinakonda: geji 16 ni kama milimita 1.6, geji 18 ni kama 1.2. Wapo wanaokuuzia 18 kwa bei ya 16, na kwa macho huwezi kutofautisha. Nenda na kaliba, kile kifaa cha kupimia unene. Pima kwenye ncha iliyokatwa, lakini usipime juu ya mshono wa kiwandani wala penye makali yaliyobaki, maana hapo kipimo kinadanganya kwa faida ya muuzaji.

Halafu kuna hesabu inayowaangusha mafundi wapya karibu wote. Fremu ya futi 7 kwa 3, ukizungusha pande nne, ni futi 20. Tyubu moja ni mita 6, yaani futi 19 na inchi 8. Umepungukiwa inchi 4, bado hujatoa milimita mbili tatu zinazoliwa na kila mkato wa grainda, mashine ya kukatia. Ukimtajia mteja bei ya tyubu moja, ya pili umeinunua wewe. Kwa hiyo chora kwanza, andika urefu wa kila kipande, pangilia vipande kwenye tyubu, ndipo utaje bei. Ndani ya bei hiyo weka rodi, visu vya grainda, rangi, bawaba, kitasa, stima, kodi ya kibanda, mkokoteni wa kupeleka, na siku zako za kazi. Wengi huhesabu chuma peke yake, kisha wanashangaa faida imekwenda wapi.

Nafasi ya mlango ipime mwenyewe, usipokee vipimo kwa simu. Pima upana juu, katikati na chini, kisha shika ule mdogo kuliko yote. Kuta za Nairobi hazijanyooka. Punguza milimita 5 kila upande. Vipande viweke mahali palipo sawa, shikiza pembe nne kwa nukta ndogo za kuchomelea, halafu pima kutoka kila pembe hadi pembe ya mkabala. Vipimo viwili vikilingana, fremu imekaa mraba. Visipolingana, gonga urekebishe sasa hivi, maana ukishachomelea kabisa hairudi. Na usimalize pembe moja yote ukahamia ya pili: choma kidogo hapa, ruka uende pembe ya mkabala. Joto huvuta chuma, na mlango uliopinda utasugua sakafu mpaka mteja akuchukie.

Kwa tyubu nyembamba tumia rodi ya milimita 2.5 na ampia kati ya 60 na 80. Ukiona matundu, umezidisha moto au mkono wako unachelewa. Mshono ukitoka na vinyweleo kama sponji, mara nyingi rodi zimenyonya unyevu. Mvua za Machi mpaka Mei huziharibu hata zikiwa kibandani, kwa hiyo zifunge ndani ya mkebe mkavu. Gamba jeusi la juu ya mshono ligonge lote litoke kabla ya rangi nyekundu ya kuzuia kutu. Ukipaka juu ya gamba, litabanduka pamoja na rangi, na kutu itaanzia hapo hapo.

Chuma chenye zinki kina sumu yake. Ukikichomelea bila kukwangua zinki, jioni utatetemeka kama mwenye malaria. Mafundi watakwambia unywe maziwa. Kunywa ukipenda, lakini hayazuii kitu; kinachosaidia ni kukwangua, kufanya kazi nje penye upepo, na barakoa ya kuchuja moshi.

Masikio yako yana miaka ya risasi ndani yake, na ya huko Kismayu zaidi. Grainda itamalizia yaliyobaki usipoyaziba, kila siku, hata kwa mkato mmoja. Kuna jambo la pili ambalo huwa hulisemi: bati likianguka ghafla nyuma yako, unashtuka. Panga karakana ukae uso ukielekea mlangoni na mgongo ukutani, mwambie kijana wa kazi asirushe vyuma, bali aseme kabla ya kushusha. Na usingizi ukikataa wiki baada ya wiki, nenda hospitalini ukaongee na mtu wa kazi hiyo. Grainda haitaki mtu aliyekesha.

Wateja. Mtaa mzima unaamini mwanajeshi mstaafu ana mamilioni. Watakuita afande, watakupigia saluti, kisha waombe mlango wa mkopo. Wenzako wa kikosi ndio watakuwa wagumu kuwakatalia. Sheria iwe moja kwa wote: arubuni inayotosha kununua vyuma vyote vya kazi hiyo kabla hujawasha mashine, na salio kabla mlango haujatoka kibandani. Mlango ukishafungwa kwenye ukuta wa mtu, deni lake limekuwa hadithi.

Leseni ya kaunti usiiache. Kodi ya KRA, mamlaka ya ushuru, nayo ni hesabu ya bei: mauzo yako ya mwaka yakizidi shilingi milioni 1 na yasizidi milioni 25, kuna kodi ya asilimia 3 ya mauzo, si ya faida, na hulipwa kufikia tarehe 20 ya mwezi unaofuata. Kazi ya shilingi 20,000 iliyokuachia 2,000 inakudai 600. Jua hilo unapotaja bei.

Ukipita mtaa wa Kariakor, kumbuka jina hilo limetokana na Carrier Corps, wapagazi wa jeshi la Uingereza wa vita vya 1914 hadi 1918. Wengi walikufa, na mishahara ya wengi wao haikuwafikia jamaa zao. Wewe umerudi, na malipo yako unayo mkononi. Ndiyo maana nakusumbua na inchi 4.

Jumamosi njoo asubuhi, kabla maduka ya vyuma hayajajaa. Beba kaliba na tepu ya chuma. Daftari ninalo.

Mama yako