Malipo ya raga yawafikie pia vijana wanaotoka shuleni

Mhariri,

Tangu Agosti 1995, raga ilipokubaliwa rasmi kuwa mchezo wa kulipwa, kijana wa Uingereza au Ufaransa mwenye kipaji huchukuliwa na akademia ya klabu angali shuleni, akapewa kocha, daktari na mpango wa lishe. Zamani aliweza kupanda polepole kupitia klabu ya mtaani huku akifanya kazi mgodini au akifundisha.

Hapa Kenya, malipo yalianzia juu. Timu ya taifa ya wachezaji saba kila upande ilipata mikataba, na matunda yake tuliyaona Aprili 2016 ilipoilaza Fiji 30-7 katika fainali ya Singapore. Ngazi za chini, kwa sehemu kubwa, zimebaki za ridhaa. Mvulana aliyetamba katika shule ya Kakamega au Maseno, akishamaliza kidato cha nne, hutarajiwa kujitafutia nauli ya kufika mazoezini jioni na kujinunulia njumu, na akiumia goti, jamaa zake ndio wanaochangishana pesa za hospitali. Klabu zinazofadhiliwa na benki au kiwanda cha sukari humwokoa huyu na yule. Wengine, hasa wale wa skramu, yaani wachezaji wa mbele wanaosukumana na wapinzani kuwania mpira, ambao miili yao huchelewa kukomaa, huacha mchezo kabla hawajaonekana, na hilo linaniuma sana.

Naliomba Shirikisho la Raga nchini litenge sehemu ya fedha za wadhamini kwa bima na nauli za vijana hao, kabla ya kuongeza marupurupu ya timu kuu.

Mpenzi wa raga,
Nakuru