Kozi elekezi haiwezi kumalizwa kwa wiki moja

Mhariri,

Kila inapofika Agosti na Septemba, vyuo vikuu vya hapa Mombasa hupokea wanafunzi wapya, na mapokezi ni yale yale: siku tatu nne za hotuba ukumbini, mamia wameketi, wengine wamesimama mlangoni, kipaza sauti kinakwaruza. Mkutubi hupewa dakika 15, afisa wa mitihani 10. Masomo yakianza Jumatatu, yote yameshasahaulika. Wanafunzi hawana kosa. Nani atashika maelezo ya kudai alama kabla hajafanya mtihani hata mmoja?

Twapendekeza kozi elekezi ya wiki 10, saa moja na nusu kila wiki, iwe kwenye ratiba kama somo jingine lolote, na kila jambo lifundishwe wiki linapohitajika.

Mpangaji asianze na mada, aanze na makosa. Aende kwa msajili, ofisi ya mitihani na mlezi wa wanafunzi, achukue malalamiko ya mwaka uliopita, ayahesabu. Atakutana na alama zilizopotea. Chanzo kimoja ni hiki: mwanafunzi amehudhuria, amefanya CAT (jaribio la katikati ya muhula) na mtihani, lakini hakulisajili somo mtandaoni, au alilichagua akafunga ukurasa kabla ya kuthibitisha. Jina lake halimo kwenye orodha ya mhadhiri. Alama zipo kwenye karatasi, pa kuziingiza hapapo. Huja kugundua mwaka wa nne akijiandaa kuhitimu, na mhadhiri keshahama. Kwa hivyo kikao cha wiki ya pili kiwe katika maabara ya kompyuta. Kila mmoja asajili masomo yake papo hapo, ahifadhi picha ya orodha iliyothibitishwa, na mwelekezi, yaani mwanafunzi wa mwaka wa juu anayeongoza kikundi, akague nambari yake ya usajili tarakimu kwa tarakimu kabla hajatoka mlangoni.

Wiki ya kwanza ibebe mambo matatu tu: usajili wa kuingia chuoni, malazi, na nambari ya simu ya kupigwa iwapo mtu ataugua usiku.

Wiki ya nne waandike insha ya maneno 600 yenye marejeo mawili, irudishwe na maoni kabla ya CAT ya kwanza. Shuleni wengi walizoea kukariri kitabu neno kwa neno wakapata alama. Chuoni jambo lilo hilo huitwa wizi wa maandishi. Kumwadhibu mtu kwa alichokuwa akisifiwa juzi, bila kumfundisha kwanza, ni kumwonea.

Kuhusu pesa, kikao kingoje mkopo wa HELB, bodi ya mikopo ya elimu ya juu, uingie. Fungu la karo hupelekwa chuoni, la kujikimu humfikia mwanafunzi. Waketi na kalamu: watoe kodi ya chumba na nauli kwanza, kinachobaki wakigawe kwa wiki zilizosalia.

Vikundi visizidi watu 25. Wanafunzi 600 ni vikundi 24, navyo vyatosha vyumba 6 kwa alasiri mbili: awamu ya kwanza saa saba na nusu, baada ya Adhuhuri, ya pili saa tisa hadi kumi na nusu. Ijumaa iachwe. Vikao vya jioni navyo viepukwe, maana wanaokaa kwao Likoni au Mtwapa wana foleni ya feri na matatu mbele yao, na ndio hao hukosa kila kitu. Waliochelewa kuripoti kwa sababu ya karo warudiwe vikao viwili vya mwanzo katika wiki ya tatu.

Kila kikundi kiwe na waelekezi wawili wa mwaka wa pili au wa tatu, waliofunzwa siku mbili. Mipango ya aina hii huvunjikia hapa: kufikia wiki ya tano waelekezi wana CAT zao, hawalipwi, wanaacha kuja. Walipwe kwa kila kikao, na mhadhiri mmoja asimamie vikundi vinne.

Kundi la kwanza la mtaala wa umilisi (CBC) litaingia vyuo vikuu 2029. Kozi ikianza sasa, itakuwa imesharekebishwa mara kadhaa kabla hawajafika.

Fomu ya kuuliza kama walifurahia haipimi chochote. Wahesabiwe waliosajili masomo yote kufikia wiki ya tatu na waliokabidhi insha, kisha malalamiko ya alama ya mwaka huo yawekwe kando ya yale yaliyohesabiwa mwanzo.

Wahadhiri wawili,
Tudor, Mombasa