Bwawa dogo, dogo kwa nani?

Mhariri,

Naomba nafasi kidogo nitoe la moyoni kuhusu haya mabwawa madogo, yale ya tuta la udongo ambayo kila mtu anayaona ya kawaida tu mpaka siku yapasuke.

Kinachonikera ni hilo neno "dogo". Wataalamu wa mabwawa duniani wanaliita bwawa kubwa likifika kimo cha mita 15 kwenda juu, au likiwa kati ya mita 5 na 15 ila limebeba maji zaidi ya mita za ujazo milioni 3, sasa lililo chini ya hapo linaonekana kidimbwi, injinia haji, bajeti haiji. Jamani daraja la hatari, yaani kiwango cha madhara bwawa likipasuka, unalijua kwa kuangalia nani amelala huko chini maji yatakakopita, urefu wa tuta haukwambii kitu. Bwawa la Solai kule Kenya lilikuwa la shamba tu, lilipasuka usiku wa Mei 9, 2018, likaua watu zaidi ya 40.

Alafu watu wanachanganya mambo mawili, hali ya bwawa lenyewe na madhara yake likipasuka. Bwawa linaweza kuwa zima kabisa na bado likawa daraja la juu kwa sababu chini yake kuna shule. Nimewahi kuona faili limeandikwa hatari ndogo, kisa siku lilipopangwa huko chini kulikuwa mashamba matupu, leo ni mapaa ya mabati kila ukiangalia na faili ni lilelile. Nikauliza, nikajibiwa eti mbona halijawahi kuleta shida.

Ukarabati nao ukitajwa watu wanawaza simenti tu. Utoro wa maji, ile njia ya kumwaga maji ya ziada, wanausahau! South Fork kule Marekani wenye bwawa waliweka nyavu kwenye utoro ili samaki wao wasitoroke, wakashusha kilele cha tuta magari ya farasi yapite vizuri, na mapaipu ya chini ya kupunguzia maji yalishang'olewa zamani. Mei 31, 1889 mvua kubwa ikaja, takataka zikaziba zile nyavu, maji yakapita juu ya tuta, watu zaidi ya 2,200 wakafa. Kisa samaki.

Kuvuja kidogo siyo ajabu, matuta ya udongo karibu yote yanavuja. Mimi huwa nakinga yale maji kwenye glasi, naiacha juu ya jiwe kama nusu saa hivi, yakibaki maangavu naendelea na shughuli zangu ila nikikuta tope limetulia chini ya glasi najua tuta linaliwa kwa ndani, hapo hakuna kusubiri kikao, shusha maji kwanza na watu wa chini waambiwe. Na msizibe tundu kwa udongo upande wa nje, maji yatatafuta pengine pa kutokea, weka mchanga halafu kokoto juu yake ili maji yatoke udongo ubaki. Nimeona mtu kaziba kwa magunia akaondoka anapiga mluzi.

Kwa hiyo wahusika, kabla mvua hazijaanza mtu mmoja ashuke chini ya tuta kwa miguu, ahesabu nyumba, akirudi ofisini afungue lile faili na abadilishe daraja.

Msomaji wako,
Mtembea matuta