Usilale karibu na mto

Mwanangu,

Dada yako ameniambia Jumatatu unaanza kazi ya kutembeza wageni Samburu, na hema ulilopewa liko ukingoni mwa Ewaso Ng'iro, chini ya mikoma. Mama yako alipiga vigelegele. Mimi sikupata usingizi.

Omba wakuhamishie juu, mbali na maji.

Maporomoko ya hapa Nyahururu unayajua, sina haja ya kukusimulia. Maji yale ni ya Ewaso Narok, nao unaingia Ewaso Ng'iro kabla haujafika kwako. Kwa hiyo usitazame mawingu ya huko. Huko jua litawaka, vumbi hadi kwenye kope, kumbe mvua ya Aberdare na Mlima Kenya iko njiani. Mwaka 2009 mto ulikauka watu wakauzoea mchanga. Machi 2010 ukazoa kambi za watalii, helikopta zikaja kuokoa watu.

Kazi umeipata kwa jasho lako, hilo nakubali. Ila kuacha ualimu bila kuniambia hukufanya vizuri. Na yale niliyosema siku ile, mama yako hunikumbusha vya kutosha.

Wageni watakuuliza mengi. Jina la mto ni la Kimaa, maji ya rangi ya udongo. Punda milia wa Grevy ana mistari myembamba na tumbo jeupe, usimchanganye na wa kawaida. Swala twiga utamwona amesimama kwa miguu ya nyuma akichuma majani ya mgunga. Kiangazi kikikaza, ndovu atachimba mchanga kwa mguu na mkonga, angoje kishimo kijae polepole, anywe, huku punda milia wamesimama pembeni wakisubiri aondoke. Mgeni akiuliza maji yameenda wapi, usimfiche: mengine tunayavuta sisi wa juu, mashambani. Kabichi zilizokulipia karo zilinyweshwa kwa pampu ile, na kibali nilikitafuta baadaye. Mwaka huu nimechimba bwawa la maji ya mvua. Msamburu au Mborana akifikisha ng'ombe mtoni akute changarawe, kisha akuulize kwenu ni wapi, mjibu kwa adabu.

Mamba wapo. Usishuke kuchota maji jioni. Na hema, nasema tena, lihamishwe.

Ng'ombe amezaa ndama jike. Bati la jikoni bado linavuja, fundi alichukua pesa ya misumari hatujamwona tena. Kaka yako anataka gambuti, zako zimemtosha, nimempa.

Sweta nimempa dereva wa matatu ya Isiolo pamoja na barua hii. Ukiipokea, simama mlangoni mwa hema upige picha kuelekea mtoni, unitumie, nione ni hatua ngapi. Hapa kumeanza kunyesha tangu saa tisa.

Mimi baba yako.