Mkutane dunguni, si hotelini

Mhariri,

Gazeti hili nilianza kulisoma enzi likifika huku kwetu kwa basi, limechelewa siku nzima, na sijawahi kuwaandikia. Nilikuwa nikiona barua hizi ni za watu wasio na kazi. Lakini ile habari yenu kuhusu wadau waliokutana hotelini kuzungumzia mpango wa pamoja wa uhifadhi wa eneo la Tsavo imenishinda kumeza. Eti wamekubaliana kwamba mashirika ya serikali kuu na kaunti "yataanza" kushirikiana. Yataanza! Katiba ya 2010, kifungu cha 6, inasema ngazi hizi mbili zitahusiana kwa kushauriana na kushirikiana. Bunge likaongeza sheria nzima ya mahusiano hayo mwaka 2012. Mwandishi wenu hakuuliza hata swali moja, akatuwekea picha ya watu waliosimama mbele ya bango.

Kwa mnaosoma mkiwa Nairobi: huku Taita Taveta, mbuga za Tsavo Mashariki na Tsavo Magharibi zimemeza takriban asilimia 62 ya ardhi ya kaunti, tangu mbuga itangazwe mwaka 1948. Kinachosalia tunakigawana sisi, ranchi, mashamba ya mkonge, wachimba vito, reli, barabara kuu ya Mombasa na ndovu. Ndovu yuko chini ya serikali kuu. Mahindi anayoyala yako chini ya kaunti, maana kilimo kiligatuliwa. Kupanga matumizi ya ardhi pia ni kazi ya kaunti, lakini mipaka ya mbuga haiwahusu. Misitu ya kule milimani kama Ngangao na Mbololo ina shirika lake, mito ina mamlaka yake, na maji yakiingia kwenye mfereji yanabadilisha mwenyewe tena. Kila ofisi ina ramani yake na kalenda yake. Mpango wa maendeleo wa kaunti ni wa miaka 5, huu wa sasa unaisha 2027. Mpango wa matumizi ya ardhi ni wa miaka 10. Mbuga nayo ina mpango wake wa usimamizi. Ukiwauliza lini walizitandaza ramani hizo juu ya meza moja, unajibiwa kwamba kuna kamati inayolishughulikia.

Na si kwamba hatujui ndovu wanapita wapi. Mwaka 2016, reli ya SGR ikijengwa, ndovu kumi wa Tsavo walivalishwa kola za kufuatilia nyendo zao kwa setilaiti. Mapito yao yanajulikana. Hao wapima ardhi wanaopigilia vigingi vya viwanja, kuna aliyewaonyesha?

Sasa nieleze lililonipata, nawe mhariri uamue kama nina sababu ya kuchemka. Ilikuwa Januari, mahindi yangu ya vuli yanashika punje. Usiku wakaingia ndovu, wanne kwa nyayo tulizoziona asubuhi. Walichokula si kingi kuliko walichokanyaga. Mbaazi zote chini, mpapai umeng'olewa na mizizi, na mmoja alitoboa tangi langu la plastiki kwa pembe, akanywa alichotaka, kilichobaki kikawa tope. Nikaenda kuripoti. Ofisi ya kwanza nilimkuta kijana mpole sana, akanipa fomu, akaniambia haiwezi kupokelewa mpaka afisa wa kilimo akadirie hasara. Sawa. Afisa huyo ni wa serikali ile nyingine, ya kaunti, ana pikipiki, pikipiki haina mafuta, na fungu la mafuta linangojewa. Nikalipa bodaboda kutoka mfukoni ili aje kupima hasara yangu. Alipofika, ng'ombe wa majirani walikuwa wameshapitia mabua, akaandika kwenye fomu kwamba uharibifu ulifanywa na "wanyama mchanganyiko". Mchanganyiko! Mavi ya ndovu yamekaa pale makubwa kuliko kofia yake, yeye anaandika mchanganyiko. Kuhusu tangi nikaambiwa hilo ni suala la maji, nipitie ofisi ya maji. Ofisi ya tatu ndiyo iliyonimaliza. Mkubwa wake alitaka kwanza kujua kama ndovu walitokea mbugani au ranchini, kwa sababu wakitokea ranchini utaratibu ni mwingine. Nilimwuliza kama nilipaswa kuwaomba kitambulisho. Hakucheka. Akanirudishia fomu, mihuri miwili imeshapigwa, unatakiwa wa tatu.

Sheria ya wanyamapori ya 2013 tunaijua huku kuliko wanasheria wengi. Shilingi milioni 5 kwa aliyeuawa, milioni 3 kwa aliyebaki na kilema, na mazao hulipwa kwa bei ya soko. Imeandikwa vizuri. Kamati ya fidia ya kila kaunti imewekewa wajumbe wa pande zote mbili za serikali, yaani huo ushirikiano "utakaoanza" umeshawekwa kisheria. Ila mwenye kutembea kutoka upande mmoja hadi mwingine na bahasha kwapani ni mkulima. Yeye ndiye mratibu, na halipwi marupurupu.

Halafu kuna hili la maji, nalo sitaliacha maadamu mmenifungulia mdomo. Mvua inanyesha kwenye vilima vya Chyulu, inazama katika miamba ya volkano, inatokea kwenye chemchemi za Mzima ndani ya Tsavo Magharibi, kisha bomba linaichukua takriban kilomita 220 hadi Mombasa. Hivyo ndivyo ilivyo tangu miaka ya 1950. Mombasa wanywe, ni ndugu zetu. Lakini msitu wa Chyulu ukiungua huko Makueni na Kajiado, chemchemi ya kwetu itapungua na bomba la Mombasa litakohoa. Kaunti nne, chemchemi moja. Katika habari yenu hiyo nimetafuta jina la Chyulu kwa miwani na bila miwani, silioni. Wala Ziwa Jipe ambalo tunagawana na Watanzania, wala Mkomazi, mbuga ya upande wa Tanzania, ambako hao hao ndovu huvuka bila pasipoti. Na sisi tunaotazama bomba likipita tunanunua maji kwa mitungi, tukiombwa tupande miti. Mwaka 2023, tarehe 13 Novemba, taifa zima lilipewa mapumziko ya kupanda miti. Huku kwetu miche ililetwa na idara moja, maji ya kuimwagilia yangeletwa na nyingine. Njooni muione hiyo miche.

Pendekezo langu ni dogo. Mkutano ujao wa wadau ufanywe Januari, shambani kwangu. Kila ofisi ije na ramani yake imechorwa kwenye karatasi ya kupenya mwanga, kipimo kimoja, tuzipange moja juu ya nyingine juu ya boneti ya gari lao lolote, magari hayakosi. Popote mistari isipolingana, hakuna anayetia saini karatasi ya marupurupu mpaka ilingane. Fomu ya fidia iwe moja, na ipokelewe katika ofisi yoyote mkulima atakayoingia kwanza, hata ikiwa ni ya mifugo. Habari ya kujua ndovu ni wa nani waipelekane wao kwa wao, simu wanazo.

Jioni tutapanda dunguni, kwenye kichanja changu cha kulindia mazao. Madebe ya kugonga ninayo, tochi waje nazo. Dungu linachukua watu watatu, kwa hiyo mmoja wa serikali kuu, mmoja wa kaunti, na mwandishi wenu katikati. Wa hotuba watabaki chini.

Mwalimu mstaafu na mkulima,
Kaunti ya Taita Taveta