Mayai ya joka kwa karamu ya mwanao

Dada mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta u mzima pamoja na wote hapo nyumbani. Nami huku niliko sijambo. Nimeupata ujumbe wako kwamba mwanao anataka karamu ya majoka na wachawi, nawe hujui uwatengee wageni vitafunio gani kabla ya chakula chenyewe. Mimi nimekwisha kuandaa karamu ya namna hiyo mara mbili katika jiko langu dogo, na neno langu kubwa kwako ni kwamba uachane na rangi za dukani, kwa sababu kabichi moja ya zambarau itakupa mayai ya joka na kinywaji cha kichawi kwa mpigo mmoja.

Ikatekate nusu ya kabichi hiyo, uichemshe katika lita 1 ya maji kwa muda wa dakika 20 hivi, kisha uyachuje maji yake na kuyaacha yapoe. Tenga kikombe kimoja kwa ajili ya kinywaji. Yaliyobaki ni ya mayai.

Chemsha mayai kwa dakika 10 na uyatie katika maji baridi, kisha ugonge kila yai taratibu kwa mgongo wa kijiko, ukilizungusha kiganjani, hadi ganda lote lijae nyufa bila kubanduka. Mara ya kwanza mimi niligonga kwa pupa, vipande vikadondoka, na badala ya mistari nikapata mabaka. Yatumbukize katika maji ya kabichi na uyaache ndani ya friji usiku kucha. Asubuhi utakapoyamenya utaona mishipa myembamba ya buluu imetambaa juu ya weupe wa yai, ingawa maji yenyewe yalikuwa ya zambarau, na hapo ndipo ninapotamani watoto wawepo jikoni kushuhudia. Rangi ya kabichi hubadilika kwa kufuata asidi na alkali, na kwa kuwa ute wa yai una alkali, huivuta rangi hiyo upande wa buluu. Tumia mayai yaliyokaa kama wiki moja, maana yai jipya kabisa hung'ang'aniwa na ganda lake na kazi yako yote itachunika pamoja nalo. Yapange juu ya karoti mbichi zilizokunwa, na kiota cha joka kitakuwa tayari.

Kinywaji ni chepesi zaidi: mimina yale maji uliyoyatenga kidogo kidogo katika maji baridi yenye sukari, ukionja, ili rangi ionekane lakini ladha ya kabichi isitawale. Ndimu usiitie jikoni. Mimi niliitia kabla wageni hawajafika, wakakuta kinywaji cha waridi kama kingine chochote. Mara ya pili nilimpa kila mtoto kipande cha ndimu akamulie mwenyewe, na sijasahau jinsi binti mmoja alivyoinua glasi yake karibu na jicho, akilitazama tone la kwanza likiteremka na kuacha mkia wa waridi ndani ya zambarau.

Ukitaka kitu cha tatu, chukua mayai mengine yaliyochemshwa, uyasimamishe na kuyavika kofia za nusu nyanya zenye nukta za mayonezi, yawe uyoga wa msituni. Zaidi ya hapo usijichoshe.

Jambo moja tu nakusihi ulizingatie: mayai yasikae mezani zaidi ya saa mbili. Yatoe kwenye friji wageni wakishaketi, na yatakayobaki yarudishe mapema. Kabichi ichemshe siku moja kabla, jioni, ili mwanao akusaidie kuyagonga mayai kabla hajalala.

Nisalimie wote.

Mdogo wako akupendaye